Mita Nne, Kasoro Kona

Septemba, Saskachewani. Ngano imeshavunwa,
majirani wanayavisha mabomba matambara yasigande,
na Orysia Baraniuk amepiga magoti kwenye kokoto,
penseli mdomoni, utepe wa kupimia ukimning'inia begani.

Sita kwa nne. Unene, sentimita kumi na mbili.
Anaandika kwenye ubao, maana karatasi upepo umeichukua:
mbili nukta themanini na nane.
Halafu kingo, zinazochimbwa zaidi zibebe uzito wa ukuta:
mita ishirini kuzunguka, thelathini upana,
ishirini za kina cha ziada.
Moja nukta mbili.
Jumla, nne na punje.

"Nne," asema kaka yake Metodiy, simu tayari sikioni.
"Nne na nusu. Fungu moja katika kumi
ni la kumwagika, la mbao kutanuka,
la tusichokijua."
"Tusichokijua hakiuzwi kwa mita," akacheka,
"na nusu mita ni bei ya mlango."
Akaagiza nne.

Dirishani ameketi mama yao, Parania,
goti lake limeigomea ngazi tangu Pasaka.
Chumba ni chake. Hakuna aliyemuuliza kitu
ila rangi ya pazia.

Lori likaja saa tatu, pipa likizunguka polepole
kama mtu anayetafuna asichokipenda.
Friesen, dereva, akateremsha mfereji,
na zege likamwagika, zito, la kijivu, linaguna.
Metodiy na reki, Orysia na ubao wa kusawazisha,
kingo zikajaa, upande wa kusini ukajaa,
ila katikati
unamwaga, linashuka.
Unamwaga, linashuka.
Wavu wa nondo ukabonyea kama chandarua chenye paka ndani.

Friesen akaligonga pipa. Likajibu tupu.
Kona ya kaskazini bado kokoto kavu,
mahali pa kutosha kitanda kimoja.

Hapo ndipo dirisha likafunguka.
"Palikuwa na shimo la viazi la baba yenu hapo kati.
Alilifukia mwaka wa kuzaliwa Metodiy,
kwa majivu, na jiko bovu, na sijui nini.
Udongo wa kufukia haushibi."
"Mama! Mbona hukusema?"
"Nilidhani utepe wenu unajua."

Makadirio na kadari: sikiliza maneno haya mawili,
yametoka tumbo moja.
Moja hushika penseli. La pili halishiki kitu,
hungoja tu chini ya kokoto, na jiko lake bovu,
miaka arobaini na mitatu.

Kutwa hiyo ikawa mifuko.
Mifuko thelathini kutoka duka la mjini,
kwa bei ya mlango na bawaba zake.
Wakakoroga kwa toroli na sepetu,
Metodiy kimya, vumbi la saruji kwenye kope,
Orysia naye kimya, na kimya chake kilikuwa na nukta nane nane.
Giza lilipoingia wakafunika kwa mablanketi
ya farasi waliokwisha kufa zamani,
maana baridi ya usiku haijui
ulichelewa kwa sababu gani.

Sasa ni Februari. Chumba kina joto.
Sakafuni upo mstari, kijivu hiki na kijivu kile,
pale zege la lori lilipokutana na zege la mikono.
Kigari cha mama kikiupita husema *tak*.
Anasema unamsaidia: gizani, ukilia,
anajua kitanda kimefika.

Ule ubao haukutupwa. Umekuwa rafu ya dawa,
na hesabu ya Orysia bado inasomeka, imepinduka,
miguu juu, nyuma ya chupa za vidonge.
Chini yake, mtu mwingine, kwa mkono unaotetemeka,
ameongeza:

*jumlisha viazi.*